Waya Katika Shamba la Maharage

Neno mtandao lina asili moja na kitenzi kutanda. Mawingu hutanda juu ya Ziwa Tanganyika, nasi huku Kigwena hujua kwamba mvua i karibu. Mtandao wa nyumbani kwangu, hata hivyo, ulitanda vibaya.

Nilikuwa nimenunua visanduku vitatu vya waifai vinavyopokezana mawimbi. Viwili nilivitia kwangu, na cha tatu kwa jirani, tuliyekubaliana kugawana gharama. Sikujua kwamba kisanduku kinachopokea na kutuma kwa masafa yaleyale hupoteza takriban nusu ya kasi kila mpokezano. Kuta za matofali ya kuchoma, nazo, hudhoofisha mawimbi.

Usiku mmoja binti wa jirani alikuwa akijaza fomu ya kuomba nafasi ya masomo. Mwisho ulikuwa saa sita usiku. Ukurasa ukaganda mara tatu. Mama yake akaja na tochi, akauliza, "Mwalimu, mmetuzimia?" Nikamjibu kwamba kosa ni la kampuni. Naam, wakati mwingine kosa hutoka mbali: Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya Bahari ya Hindi, intaneti ikadorora Afrika Mashariki. Lakini usiku ule nilisema nisilolijua. Nilipochomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, kurasa zilifunguka bila kusita. Binti aliketi mezani kwangu, akaituma fomu zikiwa zimesalia dakika nane. Nilimwomba mama yake radhi mbele yake.

Tukaamua kufukia waya hadi kwao. Waya wa aina hiyo hufaa hadi mita 100, na umbali wetu haukufika nusu yake. Ila katikati pana shamba la maharage la mzee mmoja. Mimi, mwalimu wa uraia, nilikwisha kununua waya kabla ya kumwomba ruhusa! Alitusikiliza, kisha akauliza, "Wanangu, nami nitapata nini?" Swali lilikuwa la haki. Tulipatana kwamba mtaro utachimbwa baada ya mavuno, na kwamba tawi moja la waya litaingia kwake, ili wajukuu wake nao wasome.

Maharage hayajavunwa bado. Kila jioni binti huja kwangu na daftari lake, akaketi karibu na ruta, akisubiri jibu la maombi yake.