Kibanja Ng'ambo ya Kagera

Habari za vita huandikwa kwa tarehe na kwa majina ya madaraja, na katika vita vya Kagera vyote viwili havikukosekana. Majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini mwetu kwa nguvu mwishoni mwa Oktoba 1978. Siku ya kwanza ya Novemba mtawala huyo alitangaza ya kuwa nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera imekuwa sehemu ya Uganda. Siku chache baadaye daraja la Kyaka lilivunjwa. Kabla ya mwezi huo kwisha majeshi ya Tanzania yalikuwa yamekwisha kuvuka mto, na Januari 1979 yaliuteka mji wa Mutukula ulio mpakani. Kwa hesabu hii nchi ile ilikaliwa kwa majuma machache tu, na vitabu huyapitia majuma hayo upesi ili vifike Kampala. Iko hesabu nyingine, ambayo sikuipata kitabuni.

Mimi hukaa Igogo, katika mji wa Mwanza, mahali ambapo nyumba zimepanda mlima kati ya majabali na udongo ni kitu cha kuokoteza. Juu ya njia ya kwangu anakaa bibi mmoja wa Kihaya, aliyehamia kwa mwanawe baada ya kuwa mjane. Amepanda migomba minne katika ufa wa mawe ambamo mtu mwingine asingethubutu kupanda hata mchicha. Kila baada ya miezi michache hununua gunia la samadi ya ng'ombe, akamlipa kijana alipandishe mlimani kichwani. Nilimwambia siku moja, baada ya shikamoo, ya kuwa gharama ya gunia inapita thamani ya ndizi. "Mwanangu," alinijibu, "mgomba usio na samadi ni majani tu. Hilo nililijua zamani, na Amin akanifundisha mara ya pili." Hivyo ndivyo mazungumzo yetu yalivyoanza.

Msomaji asiyeijua nchi ya Wahaya yampasa kwanza alielewe neno kibanja. Si shamba tu. Nyumba husimama katikati, migomba huizunguka, chini ya kivuli cha migomba hukaa mibuni na maharage, na katika udongo huo huo wamelala wazee waliotangulia. Nje ya vibanja iko rweya, nyika ya majani ambayo ardhi yake ni maskini. Ng'ombe hulisha rweyani mchana na kurudi nyumbani jioni, na walichokula huko hukiacha hapa. Wanawake nao hukata majani ya rweya, wakayatandika nyumbani, na kisha yakaisha maisha yake chini ya migomba. Hivyo rutuba ya nyika imekuwa ikiingizwa kibanjani kizazi baada ya kizazi, kwa miguu ya ng'ombe na vichwa vya wanawake. Kibanja cheusi chenye kustawi ni kazi ya mikono, na mikono ikiondoka hurudi kuwa kama nyika iliyokizunguka.

Juu ya nchi ya namna hii watu wa mbali walichora mstari. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliweka mpaka katika digrii moja kusini ya ikweta, ambayo hapana mwenye kibanja aliyepata kuiona. Mto hupinda, mstari haupindi. Basi kipande chenye kilomita za mraba zipatazo 1,800 kikabaki kati ya viwili hivyo. Amin aliona mto ndio mpaka ufaao. Wakulima wa hapo hawakuulizwa mara ya kwanza wala mara ya pili.

Bibi yule alikuwa mmoja wa wale walioshindwa kuvuka. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia kusini, lakini yeye alikuwa na mama mkwe asiyeweza kutembea, na mumewe alikuwa safarini Bukoba. Daraja lilipovunjwa walikuwa wangali upande wa kaskazini. Alimbeba mama mkwe mgongoni mpaka ukingo wa bwawa lenye mafunjo, na huko walikaa pamoja na majirani wachache. Nilipomwuliza juu ya bunduki na mizinga alijibu kwa ufupi, kama mtu anayejibu swali la adabu. Juu ya moshi alizungumza kwa saa nzima.

Maana jambo gumu kuliko yote, alisema, lilikuwa kupika. Ndizi ya kupika hailiwi mbichi. Mchana moshi ungewaonyesha mahali walipo. Usiku moto ungewaonyesha vile vile. Walipika alfajiri wakati ukungu umelala juu ya bwawa, kwa vijiti vikavu, sufuria moja kwa watu kumi na mmoja, na aliyechelewa kuamka alikula kesho. Ndizi zenyewe alizifuata usiku kibanjani mwake, akitambaa kati ya migomba aliyoipanda kwa mkono wake, akaushika mkungu usianguke kwa kishindo. "Nilijiibia mwenyewe," alisema. Katika giza hilo aliona kazi zilizokuwa zikimngoja: mgomba uliolemewa ambao haukuwekewa nguzo, majani makavu yasiyokatwa, maharage yenye maua yakisongwa na magugu. Alijua ya kuwa akiyang'oa magugu asubuhi askari wangeona kuwa pana mtu. Alisema mkono ulimwasha, na hata hivyo hakuyang'oa.

Mwezi wa Novemba ni mwezi wa senene. Mwaka ule walikuja kwa wingi, wakaanguka juu ya majani kama mvua, na hapana aliyethubutu kuwasha mwenge ili kuwakamata. Watoto walilia kwa kuwaona wakiruka huru. Nimesoma vitabu kadha juu ya vita hivyo na sikukuta senene hata mmoja.

Ng'ombe wake wawili na ndama aliwaona wakisukumwa katika barabara ya kwenda Mutukula, katikati ya kundi ambalo hakuweza kulihesabu. Maelfu ya ng'ombe walichukuliwa namna hiyo, na mitambo ya kiwanda cha sukari cha Kagera iliporwa pia. Mama mkwe alikufa bwawani kabla majeshi yetu hayajavuka. Walimzika rweyani, kwa haraka, mbali na mumewe na watoto wake waliolala kibanjani. Na kwa Wahaya hilo si jambo dogo. Hapo bibi alinyamaza, nami nikanyamaza.

Huku Mwanza vita hukumbukwa kwa namna nyingine. Mwezi wa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ililenga ghala ya mafuta ya mji wetu, ikakosa, na makombora yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama kadha wa hifadhi. Watu husimulia kisa hicho kwa kicheko. Siwalaumu, kwani mji ulinusurika. Walakini kutoka bwawa lile mpaka kicheko hiki ni safari ndefu kuliko ile ya meli kutoka Bukoba.

Mkulima wa Kagera si peke yake mwenye hesabu hii. Magharibi ya mto Yordani, katika nchi inayokaliwa na jeshi la Israeli tangu mwaka 1967, zeituni huvunwa Oktoba na Novemba, miezi ile ile ambayo bibi alikuwa bwawani. Tangu ukuta uanze kujengwa mwaka 2002, wakulima wengi wa Kipalestina wamekuwa upande mmoja na mizeituni yao upande wa pili, wakingojea kibali na lango la kufunguliwa na askari. Mzeituni una uvumilivu ambao mgomba hauna, lakini hata huo hutaka kulimiwa na kupogolewa, na mtu aruhusiwaye shambani mwake siku za mavuno tu ni kibarua wa mti wake. Nasema hivi nikijua ya kuwa mwaka 1979 baadhi ya wapiganaji wa Kipalestina walikuwa upande wa Amin. Walioporwa ardhi walimsaidia aliyepora ardhi. Jambo hilo hunisikitisha, lakini silitozi kwa mwenye mizeituni, kama nisivyomtoza bibi wa Kihaya mambo yaliyotendeka Mutukula.

Maana hayo nayo yalitendeka. Jeshi letu lilipouteka mji ule lililipiza kisasi. Nyumba zilibomolewa na raia waliuawa, na Mwalimu Nyerere alipopata habari aliamuru raia wasiguswe tena. Baadaye mji wa Masaka nao ulibomolewa. Ng'ambo ya mpaka watu walikuwa na migomba kama yetu, na chakula chao ni kile kile. Mtu akitaka kuandika habari za kibanja kilichokaliwa, hana ruhusa ya kusimamisha kalamu kwenye mstari wa mwaka 1890.

Bibi alirudi nyumbani mwanzoni mwa 1979. Mabati yalikuwa yameng'olewa, na milango pia. Mumewe alirudi mzima, wakaezeka kwa majani. Mwaka ule mkoa wa Ziwa Magharibi ulipewa jina jipya la Kagera, na taifa zima liliombwa kufunga mkanda kwa miezi 18, ambayo ilirefuka kupita hesabu yake. Migomba ilisimama tena kwa mwaka mmoja, ikatoa mikungu mizuri kwa rutuba ya zamani, na majirani walisema vita vimekwisha. Mwaka wa tatu mikungu ilianza kupungua. Rweya ilikuwapo na majani yalikuwapo, lakini hapakuwa na wa kuyaleta nyumbani tumboni mwake. Alikata majani kwa mundu na kuyabeba mpaka shingo ikapinda, hayakutosha. Mkungu uliokuwa mzigo wa mtu mzima ukawa mzigo wa mtoto.

Nilimwuliza nchi yao ilikaliwa kwa muda gani. Hakusita. Alisema miaka minane, mpaka mwaka 1986, walipopata mtamba kwa fedha za kahawa walizoziweka msimu baada ya msimu. Usiku wa kwanza mumewe alilala zizini kumlinda. Asubuhi yeye alikwenda na ungo, akazoa kile alichokikuta, akakipeleka kwenye mgomba ulio karibu na kaburi la baba mkwe.

Nilimwuliza kama mama mkwe alipata kuhamishwa. Alisema walikwenda kumtafuta mara mbili, lakini rweya ilikuwa imeota, na waliomzika pamoja naye hawakukubaliana mahali.