Mzigo wa Aliye Ng'ambo



Mwezi wa Shaabani uliopita tulikuwa Lodwar kwa shughuli za msikiti, nasi tukaona haifai kurudi Mombasa bila kufika Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi, kumjulia hali dada wa sahibu yetu wa zamani. Wakubwa wenzetu wanaikumbuka kambi ya Utange, iliyowapokea Wasomali waliokimbia vita vya mwaka 1991. Ilipofungwa, wengi walipelekwa Kakuma. Sahibu yetu, Mbarawa tuliyekaa naye katika darsa moja, alikwenda nao. Miaka kadhaa baadaye akapata makazi Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Dada yake alibaki.

Tulikuwa tumeketi chini ya mwarobaini simu ilipolia. Alizungumza na dada yake kwa bashasha, wakamaliza habari ya karo, kisha akaomba kusema nasi. Tukasogea kando. "Sheikh," akasema kwa sauti ya chini, "nililazwa siku tano. Mshipa wa moyo uliziba. Dada asijue, asije akaona haya kuomba karo."

Hatukupata jawabu la haraka. Mtu huyu tulimjua mwembamba, mwepesi wa mwendo. Kambini alipanga foleni ya mgao na kubeba maji kwa miguu. Huko aliko hufanya kazi ghalani usiku, hutoka mlangoni akaingia garini, hula alfajiri kilicho rahisi, kuku wa kukaanga na soda, kisha hulala. Madaktari wameliona jambo hili kwa wahamiaji wengi: hufika nchi tajiri wakiwa na afya njema kuliko wenyeji, na kadiri miaka inavyopita ndivyo afya hiyo inavyopungua.

Wala si lazima kuvuka bahari. Mwaka 2020 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti juu ya Waturkana zaidi ya 1,200. Wachungaji, ambao chakula chao kikubwa ni maziwa, nyama na damu ya mifugo, walikuwa na afya njema ya moyo. Ndugu zao waliohamia mijini, wakala unga, sukari na mafuta ya kupikia, walikutwa na unene na shinikizo la damu zaidi. Waliozaliwa mijini walikuwa hatarini zaidi. Kabila ni moja. Kilichobadilika ni maisha.

Lakini tuseme na lililo letu. Mwaka juzi sisi wenyewe tulimwandikia sahibu huyu kumwomba mchango wa mabati ya madrasa, akaleta bila kuuliza. Siku ile Kakuma ndipo alipotueleza kwamba miezi hiyo alikuwa akimeza dawa ya presha siku moja na kuacha siku ya pili, ili isiishe upesi. Mabati yapo, tunayaona kila asubuhi, na hayatupi raha.

Tulimwambia kuwa siri ni amana, nasi hatutaitoa. Ila amweleze dada yake mwenyewe. Baada ya wiki mbili alimweleza. Dada alilia. Sasa humpigia kila Ijumaa, na swali lake la kwanza ni dawa, si karo.

Basi, enyi wenye jamaa ng'ambo, kabla ya kuomba, ulizeni. Amepima presha? Ikiwa kila apimapo inafika 140 kwa 90 au kupita, amwone daktari. Dawa haiachwi kwa kuwa mtu anajisikia vyema, kwani presha aghalabu haina maumivu. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi au kupanda tayani, pamoja na jasho na kukosa pumzi, ni ya kukimbilia hospitali saa ile ile. Na akija likizo amenenepa, tusimsifu kwamba maisha yamemkubali.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu, chakula, maji na pumzi, na akatuamrisha kutafuta dawa. Sisi tumeanza kumrudishia sahibu yetu pesa za mabati, kidogo kidogo. Alikataa. Tukamwambia hizi si za mabati, ni za dawa.

Mwenyezi Mungu amponye, na awahifadhi jamaa zetu wote walio mbali. Amin.