Mwanafunzi wa Rusizi na Shule ya Uandishi wa Habari

Miongoni mwa maswali anayoulizwa mwalimu wa lugha hapa Rusizi kila mwisho wa mwaka wa masomo, hakuna lililo gumu kama hili: kijana aliyefaulu vizuri katika lugha, naye akatamani kusomea uandishi wa habari katika chuo kikuu, aachwe aende ama ashauriwe achague kazi nyingine? Wazazi wengi wangependa mtoto wao awe muuguzi, mhasibu, au hata mwalimu. Uandishi wa habari wanauogopa. Sisi ambao tumekwisha kufundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka ishirini katika wilaya hii tumeona yafaa kuwaeleza walimu wenzetu, kwa njia ya jarida hili, jinsi tunavyolijibu swali hilo na sababu zinazotufanya tulijibu hivyo.

Kwanza hatuna budi kukiri kwamba hofu ya wazazi ina msingi. Watu wa rika letu tulikuwa watoto wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na mkoa huu wakati ule ukiitwa Cyangugu. Tuliisikia kwa masikio yetu redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993. Redio ile haikubuni lugha mpya. Ilichukua maneno ya kila siku ya Kinyarwanda na kuyageuza. Inyenzi, yaani mende, likawa jina la kumwitia binadamu. Gukora, yaani kufanya kazi, likawa na maana ya kuua. Wala wenye redio ile hawakuwa watu wasiosoma. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wake, alikuwa mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Butare. Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2003, na ingawa rufani ya mwaka 2007 ilimpunguzia adhabu, hatia ya uchochezi ilibaki palepale. Basi mzazi anayeuliza kama elimu peke yake inatosha kumfanya mtu mtangazaji mwema, ana haki ya kuuliza.

Ipo na hofu ya pili, nayo inatoka ng'ambo ya mto. Kutoka Kamembe, majumba ya Bukavu yanaonekana kwa macho. Tarehe 13 Juni 2007 mwandishi Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa kwa risasi katika mji huo. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, Didace Namujimbo wa redio hiyohiyo aliuawa vivyo hivyo. Habari hizo zilifika sokoni kwetu mapema. Mama muuza samaki hahitaji kufafanuliwa hatari ya kazi hiyo.

Ni katika mwaka huohuo wa 2007 ambapo binti mmoja tuliyemfundisha aliitwa katika Shule ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya chuo kikuu kule Butare. Mama yake alikuwa akiuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na biashara yake ilikuwa pande zote mbili za mpaka. Alikuja shuleni akatuambia, "Mwalimu, wewe mwenyewe uliisikia redio ile. Sasa mtoto wangu naye akaseme humo?" Tulimweleza kwamba shule ile ilianzishwa mwaka 1996, miaka miwili tu baada ya mauaji, na kwamba nchi iliona haja ya kuwa na watu waliofundishwa kazi hiyo na mipaka yake. Mama hakuridhika na maelezo yetu. Alikubali kwa sababu nyingine: binti alikuwa amepata nafasi kwa fedha za serikali, na mtu maskini hatupi nafasi.

Maisha aliyoyakuta huko alitusimulia kila alipokuja likizo. Basi la kutoka Kamembe liliondoka kabla ya mapambazuko, likapita katika msitu wa Nyungwe penye baridi na ukungu, kisha Gikongoro, hata Butare. Chumbani walilala wanne. Fedha za matumizi ziliisha kabla ya mwezi kwisha, na walioishiwa walikula kwa wenzao, kwa zamu. Darasani kinasa sauti kimoja kiligawiwa kwa kundi zima, hivyo mwanafunzi alijifunza kuuliza maswali machache yenye maana, kwa kuwa mwenzake alikuwa akingojea mlangoni. Asubuhi walisoma sheria, historia ya vyombo vya habari na maadili ya kazi. Alasiri walitumwa mjini kutafuta habari, na jioni kazi zao zilisomwa mbele ya darasa zima na kuchambuliwa neno kwa neno. Alituambia kwamba wapo waliolia.

Bahati yao kubwa ilikuwa Radio Salus, redio ya chuo kikuu iliyoanza mwaka 2005. Hapo mwanafunzi hakuigiza kazi, bali aliifanya. Alichokisema kilisikika majumbani na madukani, na akikosea alikosea mbele ya umma. Wengi wa watangazaji wanaojulikana leo nchini Rwanda walipitia katika chumba kile. Lakini nafasi haikugawiwa bure. Binti yetu alianza kwa kupiga simu na kupanga kanda na karatasi za wenzake, akarudi bwenini usiku huku akijiuliza kama atapata kusikika.

Kikwazo chake kilikuwa lugha. Alikuwa amesoma sekondari kwa Kifaransa. Oktoba 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, naye alikuwa katika mwaka wake wa pili. Akawa anasikiliza masomo kwa Kiingereza, anaandika daftarini kwa Kifaransa, na habari inayotakiwa redioni ni ya Kinyarwanda. Kiswahili alichokibeba kutoka kwetu hakuna aliyemwuliza.

Siku moja madereva wa malori kutoka Tanzania walikwama mjini Butare kwa sababu mwenzao mmoja alikuwa ameshikwa. Akatafutwa mwanafunzi wa kuzungumza nao, akaenda yeye. Madereva walimwambia kwamba mwenzao anashikiliwa kwa tuhuma za wizi. Aliporudi, mwanafunzi aliyekuwa akiandika habari ile kwa Kinyarwanda aliweka neno lenye maana ya mwizi. Binti akakataa. Akasema kwamba aliyetuhumiwa hajashtakiwa, aliyeshtakiwa hajahukumiwa, na hata aliyehukumiwa anaweza kukata rufani. Walibishana mpaka mwalimu wao akaingia kati, na neno likabadilishwa. Dereva yule, tulivyosikia, aliachiliwa baada ya siku chache. Kama neno lile lingekwenda hewani, nani angelifuata kulirudisha?

Tangu siku hiyo akawa anaitwa kila palipohitajika Kiswahili. Ndipo sisi nasi tukafahamu vizuri zaidi kile tunachokifundisha. Kutuhumiwa, kushtakiwa na kuhukumiwa. Kufa na kuuawa. Mkimbizi na mhamiaji: haya tulikuwa tukiyaandika ubaoni kama msamiati wa mtihani. Kumbe kwa mwandishi wa habari kila jozi hubeba heshima ya mtu, na pengine uhai wake.

Kijana wa Rusizi ana mali ambayo kijana wa wilaya nyingine aghalabu hana. Amekisikia Kiswahili tangu utotoni, sokoni, kivukoni na msikitini. Amezoea Kiswahili cha Bukavu, ambacho husema "batu" na "bintu", na anaelewa yule mfanyabiashara wa Bujumbura na yule dereva wa Kigoma. Hata hivyo mali hiyo ina dosari zake, na mwalimu asipozirekebisha, redio itazitangaza. Sisi wasemaji wa Kinyarwanda hukanganya r na l. Mwanafunzi akisoma kwamba wananchi wamekwenda kupiga kura, darasa likasikia "kula", watu watacheka; akitaja mahari ilhali anakusudia mahali, watacheka zaidi. Katika taarifa ya kesi au ya uchaguzi, kicheko hicho huondoa imani ya msikilizaji.

Kadhalika tusisahau kwamba lugha yenyewe ilidharauliwa. Katika Kinyarwanda, kumwita mtu Mswahili kulikuwa karibu na kumwita mjanja, mtu wa maneno mengi. Mambo yamebadilika. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nchi. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ikajiunga na Jumuiya. Redio ya taifa husoma habari kwa Kiswahili, na shirika la utangazaji lina kituo chake hapa Rusizi. Yapo mashirika ya nje yanayotafuta waandishi wa Kiswahili katika ukanda huu, na ipo kazi ya kutafsiri ambayo haijapata watu wa kutosha.

Walakini tusidhani kwamba shule ya habari itamfundisha kijana Kiswahili. Hata Dar es Salaam, ambako shule ya uandishi wa habari iliyoanzishwa mwaka 1975 iliunganishwa na Chuo Kikuu mwaka 2003, mwanafunzi husoma shahada yake kwa Kiingereza ilhali magazeti mengi anayotarajia kuyaandikia ni ya Kiswahili. Pengo ni lilelile. Chuo humpa kijana sheria, maadili na mazoezi ya kazi. Lugha ya kumfikia msikilizaji lazima aende nayo kutoka sekondari. Sehemu hiyo ni yetu sisi walimu.

Kwa ajili hiyo, kila Ijumaa katika shule yetu wanafunzi wa mchepuo wa lugha husoma taarifa ya habari ya dakika tano mbele ya wenzao. Hatuna mitambo; msomaji husimama nyuma ya ubao mkuukuu ili asikike bila kuonekana. Habari ni za shule na za soko. Akimaliza, wenzake humwuliza maswali matatu: Nani kasema? Aliona ama aliambiwa? Kitenzi ulichokitumia kinamtendea haki yule unayemtaja? Mwanzoni wengi hushindwa katika swali la pili.

Binti tuliyemtaja sasa ni mtu mzima, anafanya kazi redioni. Mshahara wake si mkubwa, na mama yake hushindwa kulala akisikia kwamba kuna jambo mpakani. Februari 2025, kundi la M23 lilipoingia Bukavu, simu za watu wa Kamembe zilijaa habari zisizo na mwenyewe: daraja limefungwa, daraja limefunguliwa, fulani amekufa. Sisi wenyewe tulimpigia kumwuliza habari ya jamaa zetu walioko ng'ambo. Alitujibu kwa heshima, "Mwalimu, hilo nimeambiwa na watu wawili, lakini hakuna aliyeona. Siwezi kukwambia bado." Tukangoja mpaka asubuhi, na haikuwa rahisi kungoja.

Hivyo basi mzazi akitujia, hatumfichi hatari wala udogo wa mshahara. Tunamwambia kwamba nafasi zipo, kwamba shule ile inafundisha kazi kwa bidii, na kwamba mtoto wake anaweza kwenda kama ameijua lugha kiasi cha kulikataa neno lisilo la haki, hata mbele ya mwenzake mwenye haraka. Kama hajafika hapo, tunaomba atuachie mwaka mmoja zaidi. Tungefurahi kusoma katika kurasa hizi jinsi walimu wa Rubavu, wa Kigoma, wa Bujumbura na wa Bukavu wanavyowaandaa vijana wao, maana watoto wetu watakutana kazini katika mawimbi yaleyale ya redio.