Afande mmoja kaniita, mwingine kanikamata

Elfu thelathini si hela ya kuokota, wasomaji wangu. Ndiyo faini ya kosa moja la barabarani, na mwezi uliopita nimeigombea kama shamba la urithi.

Kisa chenyewe ni njia ya mwendokasi, Barabara ya Morogoro. Ndugu zangu wa mikoani niwaeleze: tangu Mei 2016 mabasi yale yana njia yao katikati ya barabara, Kimara mpaka Kivukoni. Wengine tunabaki pembeni tukila moshi.

Jioni hiyo pale Magomeni lori likakatika ekseli, likaziba njia yetu. Afande mmoja kijana akasimama mbele yake anatupungia mkono: piteni huku, kwenye mwendokasi! Tukapita gari kama kumi. Mbele kidogo afande mwingine, mama mtu mzima, akatusimamisha wote.

"Dada, alama hujaiona?"

"Nimeiona afande, lakini mwenzio ndiye katuelekeza."

"Mwenzangu yupi? Mbona simwoni?"

Atamwonaje na lori limemkinga! Kamashine kakalia trrr, karatasi mkononi.

Wenzangu wakakubali yaishe. Mmoja akaninong'oneza nitoe ya chai. Ng'o! Si kwamba mimi mtakatifu, ila gari ni la mjomba, na siku hizi deni linakaa kwenye namba ya gari. Mjomba huiangalia namba yake kwenye simu kila Jumamosi kama matokeo ya Simba na Yanga. Akiliona tu, funguo sizishiki tena, na biashara yangu ya kusambaza keki imekufa.

Wengi hawajui kwamba karatasi ile unaweza kuikataa. Ukikubali kosa unalipa, usipokubali unapelekwa mahakamani ukajieleze. Wamarekani ndio mabingwa wa hayo. Kule kuna njia za gari lenye watu wawili au zaidi. Mwaka 2022, Dallas, mama mjamzito alikamatwa humo peke yake, akadai mtoto wa tumboni ni abiria wa pili. Kesi ikafutwa! Mwingine huko California alikuja na makaratasi ya kampuni, eti kampuni kisheria ni mtu. Huyo 2013 alishindwa.

Mimi sikuwa na mimba wala kampuni. Nilikuwa na shoga yangu, aliyekuwa amelipiga picha lile lori, na mkono wa afande wa kwanza unaonekana hewani kabisa.

Kesho yake saa tatu asubuhi nikatia timu kituoni. Shikamoo mzee, marahaba, nikamwonyesha mkuu picha. Akaitazama weee. "Nenda nyumbani, tutaliangalia." Nikamjibu kwa adabu kwamba nitangoja hapahapa, au anipangie siku ya mahakama. Nikakaa kwenye benchi mpaka saa tisa, njaa inauma, keki za watu zinachacha.

Saa tisa ndipo akaingia yule afande kijana. Hakunitazama. "Ni kweli mkuu, niliwapitisha mimi."

Deni likafutwa. Nikauliza, na wale wengine je? Mkuu akasema waliokubali wenyewe wamekubali, yamekwisha. Hilo linaniuma mpaka leo, maana mmoja alikuwa baba wa watu na kipikapu chake cha nyanya.

Jumamosi mjomba akaiangalia namba yake kama kawaida. Akaniuliza tu mafuta yamebaki kiasi gani.