Sauti Iliyokuwa Ikipotea Ukutani

Tarehe 25 Machi 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nchi za nje. Lamu, au Amu kama tunavyouita wenyewe, ni mji unaokula kwa wageni, na riziki ilikatika ndani ya siku chache. Mume wangu alikuwa akiwapeleka watalii kwa jahazi hadi magofu ya Takwa na kisiwa cha Manda Toto. Jahazi likavutwa ufukweni likakaa. Watoto walikuwa nyumbani tayari, kwani shule zote zilikuwa zimefungwa katikati ya mwezi huo huo. Naandika ushuhuda huu kwa sababu riziki iliyotuvusha baada ya hapo ilipita ndani ya ruta, kile kisanduku cha waifai chenye vitaa vyake, na ruta ile ilipotuangusha nilikaribia kukata tamaa. Najua wako wenzangu Amu, Pate na Faza wanaoteseka na jambo lile lile.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Jamaa yetu aliyeko Muscat aliniomba nimfundishie watoto wake kwa simu ya video. Ni watoto wa ukoo wa Pwani waliozaliwa Oman: bibi yao akisema wanaelewa, lakini hujibu kwa Kiarabu. Familia ile moja ikaleta ya pili, ya pili ikaleta nyingine, hadi London. Pesa yao ndiyo iliyonunua mchele na mafuta, na shule zilipofunguliwa kwa madarasa yote Januari 2021, ndiyo iliyolipa karo.

Kisha mtandao ukaanza kukatakata. Kila jioni baada ya Magharibi, sentensi moja ikiwa nzima, inayofuata vipande vitupu. "Mwalimu, hatukusikii." Somo la hisabati mtoto anaweza kulifuata kwa picha. Lugha ni sauti. Mtoto anayejifunza kutenganisha "dhamana" na "thamani" hawezi kukisia herufi iliyomezwa njiani. Mama mmoja wa London akanitumia ujumbe wa adabu sana: wananipenda, mtoto ananipenda, lakini amechoka kukisia, watatafuta mwalimu mwingine. Nililia usiku ule. Siku chache baadaye familia ya pili ikaondoka, na mkufu wangu wa dhahabu ulikuwa umekwisha kuuzwa.

Muuzaji wa laini alinishauri ninunue kifurushi cha kasi kubwa zaidi, kwa bei iliyokaribia kuwa maradufu. Sikuwa na pesa hiyo. Alhamdulillahi kwamba sikuwa nayo, kwa sababu ingepotea bure.

Mwana wa kaka yangu, aliyesomea kompyuta Mombasa, alikuja kutuamkia siku ya Iddi. Nilipomweleza akaniambia, "Shangazi, usinunue kitu. Tujue kwanza inakatikia wapi." Nataka kila asomaye alishike neno hilo, maana limebeba kazi yote. Kati yangu na mtoto wa Muscat zipo safari mbili: ya kwanza kutoka kompyuta yangu hadi kwenye ruta, ya pili kutoka kwenye ruta kwenda mnarani na duniani. Ikiharibika yoyote kati ya hizo dalili ni moja, sauti kukatika, lakini dawa zake hazifanani hata kidogo.

Alichukua waya wa mtandao, akaunganisha kompyuta na ruta moja kwa moja bila waifai, akapima. Kasi ilikuwa nzuri, ya kututosha na kubaki. Akachomoa waya, tukaenda na kompyuta hadi chumba cha ndani ninakofundishia, akapima tena. Kasi ilikuwa imeporomoka, na ujumbe mdogo wa kupima aliokuwa akiutuma kwenye ruta yetu wenyewe, uliopaswa kwenda na kurudi kwa milisekunde chache, ulikuwa ukichelewa mno au haurudi kabisa. Mnara haukuwa na kosa. Sauti yangu ilikuwa ikipotea ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mkwe wangu alikuwa amekaa pale akatusikiliza, akasema, "Nyumba hini, mambo ya ndani hayatoki nde." Alisema kweli tupu. Nyumba yetu ni ya kale, ya mtaa wa Mkomani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zina unene wa kama nusu mita. Dari limelazwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haziendi mbali, vyumba vyote ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: daka, kisha tekani, kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani. Wazee waliipanga hivyo ili joto lisiingie na macho ya wapita njia yasifike kwa watu wa nyumbani, na naipenda kwa sababu hizo hizo. Ruta yetu ilikuwa tekani, karibu na mlango, mahali alipoifunga fundi kwa kuwa ndipo palipokuwa na soketi. Mimi nilifundishia ndani kabisa, mbali na kelele za punda na za barabarani. Mawimbi yalikuwa yakipasua kuta zile moja baada ya nyingine, tena kuta zinazonywa unyevu wa bahari, na maji hufyonza mawimbi hayo.

Hapo nikajifunza jambo la masafa. Ruta nyingi za sasa hurusha kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 ina mbio zaidi lakini ukuta huidhoofisha upesi, ya 2.4 ni ya taratibu ila hupenya vizuri zaidi. Yetu ilikuwa na jina moja kwa yote mawili, na kompyuta ilikuwa ikiing'ang'ania ya 5 hata ilipobaki kama uzi. Tukafungua ukurasa wa mipangilio. Anwani yake huandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1, pamoja na neno la siri la kuingilia. Tukayapa masafa yale majina mawili tofauti, kompyuta ya darasani ikaunganishwa na ya 2.4 peke yake. Palepale sauti ikapata nafuu.

Nafuu, si kupona. Masafa ya 2.4 yana msongamano, kwa sababu majirani zetu ni nyumba za wageni, na kila moja ina waifai yake. Chaneli zisizoingiliana katika masafa hayo ni tatu tu: 1, 6 na 11. Simu yenye programu ya kutazama chaneli ilituonyesha kwamba karibu mtaa mzima umerundikana kwenye 6. Waifai zikiwa chaneli moja huwa kama punda waliobeba mawe wakikutana kwenye kichochoro: mmoja lazima asimame mwenzake apite. Tukahamia 11, na upana wa chaneli tukaupunguza kutoka megahezi 40 hadi 20. Watu wengi hudhani upana mkubwa ndio bora. Katika mji ulioshikana kama Amu, chaneli pana hugusana na za majirani wengi zaidi, na simu ya sauti haihitaji upana huo. Inahitaji njia isiyokatika.

Bado chumba cha ndani kilihitaji msaada. Kutoboa ukuta sikukubali. Mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na hata kama usingekuwamo, jiwe lililowekwa na wahenga haliharibiwi kwa ajili ya waya. Tukaupitisha waya kwenye kiwanda, ukaambaa na boriti, ukaingia kwa nafasi ya juu ya mlango hadi ndani. Waya wa aina ile hubeba mtandao hadi mita 100 bila kuchoka, na nyumba yetu haifiki hata robo yake. Mwishoni mwa waya tukaweka ruta ya zamani iliyokuwa sandukuni. Ruta ya pili lazima izimwe kazi yake ya kugawa anwani, maana ruta mbili zikigawa anwani katika nyumba moja vifaa huchanganyikiwa, na chaneli yake iwe nyingine. Yetu tuliiweka 1. Tangu siku hiyo chumba changu kina waifai yake.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Simu za vijana wangu zilikuwa zikipandisha picha na video mtandaoni zenyewe, tena jioni, saa ya darasa. Njia ya kupandishia ni nyembamba kuliko ya kushushia, na sauti ya mwalimu husafiri kwa hiyo nyembamba. Tukaziamuru zipandishe usiku wa manane. Neno la siri la waifai lilikuwa limesambaa mtaani, tukalibadilisha, na nilikwenda mwenyewe kwa majirani kuwaeleza sababu ili pasiwe na kinyongo. Umeme hapa ukikonyeza tu, ruta huzima na huchukua dakika kadhaa kuamka, kwa hiyo tulinunua kibetri kidogo cha volti 12 kinachokaa katikati ya adapta na ruta. Ncha za waya huliwa na chumvi ya bahari. Nazikagua na kuzifuta, na zile za kijani nazibadilisha.

Ile safari ya pili, ya mnarani, nayo ina siku zake. Wakati wa Maulidi mji hufurika wageni na kila mtu yuko hewani. Jioni za kawaida pia mnara huzidiwa. Nikazungumza na wazazi wa Muscat. Mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, na saa yao iko mbele yetu kwa saa moja, basi tukahamishia masomo asubuhi za siku hizo, Ijumaa tukimaliza mapema kabla ya sala. Ruta nayo niliipandisha sabule, chumba cha juu, upande unaotazama mnara. Ukurasa wa mipangilio huonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba zenye alama ya kutoa, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Tekani ilikuwa ikisoma zaidi ya 110. Sabule ikasoma tisini na kitu.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM ziliharibika upande wa Afrika Kusini, na mtandao wa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ukawa unatambaa. Zamani ningezima na kuwasha ruta hadi vidole vichoke. Safari hii nilipima: hadi kwenye ruta, milisekunde chache kama kawaida, kwenda nje, hali mbaya. Sikugusa kitu. Niliwaandikia wazazi kwamba hitilafu iko baharini, tuzime video tubaki na sauti, na masomo yakaendelea hivyo hadi hali iliporudi.

Familia ya London haikurudi, na siwalaumu. Ya pili ilirudi, na zikaja nyingine kwa neno la mdomo. Mume wangu naye ameshusha tena jahazi majini, lakini madarasa sikuyaacha, na binti yangu mkubwa sasa ananisaidia kuwasomesha wadogo.

Juzi mwalimu mwenzangu alinipigia simu kutoka Faza. Anafundisha watoto walio ng'ambo kama mimi, na alikuwa amekwisha kukopa pesa ya kifurushi kikubwa. Nikamuuliza, dada, ukikaa ubavuni mwa ruta na waya umechomeka, inakatika? Akasema bado hajajaribu. Nikamwambia pesa ile airudishe kwanza kwa mwenyewe, kisha anipigie akiwa amekaa ubavuni mwa ruta, tuanze kupima.