Nira na Pumzi

Waswahili husema kufunga safari, na usemi huu una maana kubwa kuliko tunavyoudhania. Mzigo hufungwa kwa kamba katika muda wa saa moja. Safari hufungwa kwa miezi, na mafundo yake yamo moyoni mwa msafiri na mioyoni mwa wale anaowaacha nyuma. Niliujua ukweli huu katika umri wa miaka arobaini na sita, nilipojiandaa kwenda Bara Hindi kukaa mwaka mzima, nusu yake nikisoma yoga na nusu nikizunguka kuiona nchi.

Mafundo ya nje hayakunisumbua sana. Niliomba viza, nikachanjwa homa ya manjano na kupewa kadi yake, nikapata likizo bila mshahara, nikagawa vipindi vyangu kwa wenzangu. Jioni nilitandaza ramani mezani na kufuata kwa kidole njia niliyokusudia: Mumbai, mji ulioitwa Bombay hadi 1995, Pune, Mysuru, kisha Rishikesh, pale mto Ganges unapotoka katika milima ya Himalaya. Kila jina lilinitia hamu kama ya mtoto aliyeahidiwa kupelekwa gulioni.

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa Kiswahili ana haja gani na yoga. Miaka ishirini ya kusimama ubaoni na kuinamia karatasi za mitihani iliniharibu mgongo na kunifukuzia usingizi. Rafiki mmoja alinifundisha kuketi wima na kupumua polepole, na usingizi ukarudi. Lakini mtu aliyezoea kusoma haridhiki na kunywa maji. Hutaka kukijua kisima. Nilisoma habari za Patanjali, aliyeipanga yoga katika hatua 8. Mikao ya mwili, ambayo wengi huiona kuwa ndiyo yoga yote, ni hatua ya 3 tu. Hatua ya 4 ni pranayama, yaani kuitawala pumzi. Kabla ya hizo zimetangulia hatua mbili za adabu, na miongoni mwa masharti ya hatua ya kwanza ni kutodhuru, kusema kweli, na kutoiba. Wako marafiki walionionya kuwa elimu hii imetoka katika dini ya Wahindu. Wamesema kweli, nami siwapingi. Niliwajibu kuwa nakwenda kama mwanafunzi, na mwanafunzi mwenye heshima huweza kukaa katika nyumba ya watu bila kuisahau ya kwao.

Neno lenyewe lilinivuta zaidi. Katika Kisanskriti, yoga hutokana na mzizi wenye maana ya kufunga pamoja, na ni ndugu wa neno la nira, ule mti uwekwao shingoni mwa ng'ombe wawili walimao. Marehemu baba yetu alilima kwa ng'ombe, na nira yake ingali ukutani mwa nyumba yetu Mwakitolyo. Sikuona vema kuifuata nira ya mbali kabla ya kuiaga ile ya kwetu. Basi nilipanda gari kwenda Shinyanga, na kutoka hapo nikashika njia ya vumbi hadi nyumbani.

Mwakitolyo imo katika ukanda ule ule wa miamba ya kale wenye dhahabu za Geita na Bulyanhulu. Mtu husikia mingurumo ya makarasha yakisaga mawe kabla hajaziona nyumba. Mama alinipokea, tukasalimiana Kisukuma, kisha nikamweleza safari yangu.

"Unakwenda India kusomea uyoga?" aliuliza. "Mwanangu, uyoga si umejaa hapa wakati wa masika?"

"Si uyoga, Mayu. Ni yoga. Ni elimu ya kukaa na kupumua."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha alinyamaza, akageuza uso kuelekea chumba cha kaka yangu. "Basi yuko humu ndani anayeitaka elimu hiyo kuliko wewe," alisema.

Kaka amenizidi miaka sita. Baba alipofariki, yeye aliacha jembe akaingia katika maduara, na baadaye akafanya kazi kwenye karasha. Kwa dhahabu aliyoipata chembe kwa chembe alilipa ada yangu ya sekondari, na nauli yangu ya kwanza ya kwenda chuo kikuu. Mawe yenye dhahabu aghalabu huwa na silika, na yakisagwa makavu hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho, ambalo hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, na humfungulia mlango kifua kikuu. Daktari alikwisha kumwambia kaka kwamba makovu hayo hayafutiki. Nilikuwa najua haya yote kwa simu. Kwa macho nilikuwa sijui.

Usiku ule tulikaa nje. Aliniuliza watu hujifunzaje kupumua. Nilimwonyesha: kuvuta pumzi ukihesabu, kisha kuitoa taratibu. Mimi nilifika kumi. Yeye alifika nne, kikohozi kikamshika. Kilipotulia alisema, "Nne zangu na kumi zako, Mwalimu, zimetoka mfuko mmoja."

Hakusema kwa kunisuta, alikuwa akitabasamu. Lakini sikulala. Nilikumbuka lile sharti la kutoiba. Kitu alichokitoa kaka kwa hiari si cha wizi, lakini chaweza kuwa cha wizi kwa namna kitumiwavyo.

Alfajiri nilimfikiria Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao, akatekwa utotoni, akauzwa Zanzibar, akapelekwa Bara Hindi akiwa mtumwa. Bwana wake alipofariki alipata uhuru, akarudi Afrika akijua Kihindustani, na lugha hiyo ndiyo aliyozungumza na Speke walipotoka Kazeh mwaka 1858 na kuvuka nchi za Wanyamwezi na Wasukuma hadi ziwani. Mtu huyo hakufunga safari yake ya kwanza, alifungwa. Hakuaga, hakuchagua cha kubeba. Nami niliyepewa hiari zote hizo nilikuwa nimejaza sanduku kwa hamu tupu, bila kumhesabu aliyenilipia.

Kulipokucha nilimwambia kaka kuwa safari nimeivunja. Alikasirika kuliko nilivyopata kumwona. "Nilishuka shimoni ili wewe uende," alisema. "Ukibaki hapa utanitazama tu nikikohoa. Kutazama si kazi."

Tulishindana hadi mchana, na Mama ndiye aliyetupatanisha. Nitakwenda miezi sita ya masomo. Ile sita ya matembezi nimeikata, na fedha zake nimezikabidhi kwa Mama kwa ajili ya hospitali na nauli za kwenda huko. Kaka naye ameahidi kutorudi kwenye karasha, hata kukaa tu na wenzake. Sikumwahidi dawa, kwa sababu ninayokwenda kusoma si dawa ya makovu, na kusema kweli ni sharti pia. Nimemwahidi kurudi.

Katika kazi yangu nimefundisha mara nyingi kuwa pumua, pumzi na pumzika ni maneno ya ukoo mmoja. Nilikuwa nikiyaandika ubaoni na kuendelea na somo. Waliotuachia lugha hii walijua kwamba mtu asiyeweza kupumua hawezi kupumzika, hata akilala kutwa. Kaka yangu hajapumzika kwa miaka mingi.

Sanduku langu sasa ni jepesi. Nimetoa ramani na vitabu vitatu, nimebakiza nguo, daftari na kadi ya chanjo. Siku ya kuondoka Mwakitolyo niliigusa ile nira ukutani. Kamba zake zimeoza, lakini mti wenyewe ni mzima, na pande zote mbili umelainika sawasawa pale shingo za ng'ombe zilipokaa.