Pete Isiyo Sawa

Ukiniuliza nafanya kazi gani, jibu langu la kawaida ni "mambo ya mwanga", na mazungumzo huishia hapo kwa amani. Baba hakulikubali. Alikuwa fundi redio pale Tanga tangu kabla sijazaliwa, na mtu aliyeishi kwa kutenganisha stesheni moja na nyingine haridhiki na jibu lenye mikwaruzo. Isitoshe, masikio yake yanamuaga. La kulia limeshakufa. La kushoto linasikia simu nikizungumza polepole, na daktari hakumpa matumaini. Kwa hiyo mwaka huu namweleza kazi yangu kwa vipande, kila Jumapili, kutoka Ujerumani, kwa sauti ya mtu anayenadi samaki.

Nilianzia kwake. Ndani ya redio kuna koili na kapasita. Umeme huenda na kurudi kati yake kwa kasi maalumu, na wimbi lenye kasi hiyo hiyo likifika, saketi huitika, mengine huyapuuza. Mwitiko huo ndio rezonansi. Pete ya metali iliyokatwa mahali pamoja ni saketi hiyo hiyo: pete ni koili ya mzingo mmoja, mwanya ni kapasita. Panga maelfu ya pete hizo juu ya kipande cha silikoni, kila moja ndogo kuliko urefu wa wimbi, utapata metamateria, kitu ambacho tabia yake mbele ya mawimbi inatokana zaidi na umbo tulilolichora kuliko madini yaliyomo. Mawimbi yangu ni ya terahezi, yaliyo kati ya maikrowevu na infraredi. Kwenye terahezi 1 wimbi lina urefu wa milimita 0.3, hivyo pete zangu zinakaribia unene wa unywele.

"Sasa hizo unazilehemu vipi, mwanangu?"

Hatuzilehemu, baba. Tunazichapa kwa mwanga na kemikali, karibu kama picha za studio za zamani. Nadhani alisikitika.

Shida ya pete ya kawaida ni kwamba ni redio butu. Nishati inayoipokea huirudisha nje upesi, kwa hiyo huitikia mawimbi mengi jirani kwa pamoja. Aliyewahi kusikiliza masafa ya kati usiku anajua: taarifa ya habari inasomwa, nyuma yake taarabu ya stesheni nyingine inaendelea. Mimi nataka mwitiko mwembamba kama sindano, kwa sababu ukiweka utando mwepesi wa kitu juu ya pete, mwitiko husogea kidogo mno. Kilima kikisogea hatua moja nani ataona? Sindano ikisogea, unaona.

Mwaka 2007 watafiti wa Southampton, Uingereza, na mwenzao wa Kharkiv, Ukraine, walionyesha njia, wakitumia maikrowevu. Walikata pete mahali pawili, zikawa nusu mbili. Mikondo ya umeme katika nusu hizo ikikimbia kwa kupingana, mawimbi inayotoa hufutana, na nishati hubaki ndani. Wengine huuita mtindo huo "wa giza". Mimi napenda "ulionaswa". Ila nusu zikilingana kabisa, wimbi la nje huzisukuma zote upande mmoja, na mtindo ulionaswa hauguswi kamwe. Upo, lakini hauna mlango. Ukiifanya nusu moja iwe fupi kidogo, mlango unafunguka kwa ufa. Ufa ukiwa mdogo, kinachoingia hukawia kutoka, na mwitiko unakuwa mwembamba.

Baba alinyamaza muda mrefu, nikadhani hakusikia. Kisha: "Na waya je? Waya nao unakula."

Watu waliosoma fizikia miaka mingi hawajaniuliza swali hilo haraka hivyo. Ndiyo, waya unakula. Nishati inayokawia ndani ya pete hupita kwenye metali mara nyingi, na kila mara metali hugeuza sehemu yake kuwa joto. Kwa hiyo ukizidi kulinganisha nusu, sindano haizidi tu kuwa nyembamba. Inazama pia, hadi inapotea kwenye kelele za vipimo. Ninachotafuta ni mahali pa kusimama kati ya butu na kutoonekana. Wapo walioacha metali wakachonga maumbo yao kwenye silikoni tupu, ambayo hula kidogo sana. Baba hakuipenda habari hiyo. Alisema shaba haijafanya kosa.

Jumapili iliyopita ilinibidi kurudia "mikondo" mara nne. Akasema nisihangaike, nimtumie mchoro, macho bado mazima. Uzuri wa maumbo haya ni kwamba ukiyakuza, yanafanya kazi ile ile kwa mawimbi marefu zaidi. Nimemchorea pete yenye ukubwa wa bangili, waya wa shaba, mianya miwili. Upande wa kushoto nimeandika kwa kalamu nene: huu ufupishe, baba, lakini kidogo tu.